Padri Callan na waya zake za umeme mukali

Tukiona cheche ndefu za mutambo wa Tesla, mara moja tunafikiri viwanda vikubwa. Lakini Nikola Tesla, alipoutengeneza mutambo ule katika mwaka 1891, alitumia vyombo vilivyovumbuliwa zamani na watu wenye kutumika kwa mikono yao wenyewe. Chombo kimoja kati ya hivyo, kile cha kuongeza nguvu ya umeme, kilitoka katika seminari. Wengi kati yetu hawajui habari hiyo.

Nicholas Callan alizaliwa Irlandi mwaka 1799, akapadrishwa mwaka 1823. Alitumwa Roma kuendelea na masomo ya teologia. Huko akasikia mambo ya Galvani na Volta juu ya umeme, yakamushika moyo. Mwaka 1826 akawekwa mwalimu wa elimu ya viumbe katika Seminari kubwa ya Maynooth, na kazi hiyo aliifanya mpaka kufa kwake mwaka 1864.

Vyombo vya kununua vilikuwa haba. Basi Padri alimwendea mufua chuma wa kijiji, naye akamupindia vyuma. Mwaka 1836 alitwaa chuma laini, urefu wake karibu sentimetre 60, akakizungushia waya mbili za shaba, kila moja metre 60 hivi. Akaziunga pamoja, akatia umeme wa batri katika ile ya kwanza tu. Umeme ulipopita kwa utulivu, hakuna kitu. Alipoukata gafula, akapata pigo kali kati ya mwisho wa waya ya kwanza na mwisho wa waya ya pili. Sababu yake ni hii: chuma kinapopoteza usumaku wake kwa haraka, umeme unazaliwa katika waya zinazokizunguka, na kadiri mizunguko ya waya ni mingi, volti nazo zinaongezeka. Callan akaona tena kwamba kukata mara nyingi ni bora, akatengeneza gurudumu la saa lenye kukata umeme mara 20 katika sekunde moja.

Lakini volti nyingi zina werevu wao: zinatafuta njia fupi, zinaruka toka muzunguko hata muzunguko, na kazi yote inaharibika. Hapo ndipo uvumilivu wa fundi unajulikana. Callan alifunika waya zake kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na ulimbo wa miti. Mutambo wake mumoja ulirusha cheche ya sentimetre 38.

Na chombo cha kupimia volti? Hakuwa nacho, akawatumia wafratri. Huko Maynooth wanasimulia kwamba William Walsh, aliyekuwa baadaye Askofu mukuu wa Dublin, alianguka na kuzimia. Kiisha Padri alipashwa kuwaacha wanafunzi, akapima kwa kuku. Tunamusifu kwa akili yake. Kwa jambo hili hatumusifu. Na fratri yeyote anayetamani kujitengenezea mutambo wa Tesla ajue: umeme wa ukutani ukiongezwa hivyo unaua kwa mara moja, hauangushi tu.

Callan aliandika habari za kazi yake katika magazeti ya Uingereza, lakini hakupigania jina. Mwaka 1851 Heinrich Ruhmkorff, fundi hodari wa Paris, alianza kutengeneza mitambo ya namna ileile, mizuri sana kwa kweli. Na mwaka 1864, mwaka uleule Callan alipokufa, Napoleon III akamupa zawadi ya faranga 50.000. Hata vitabu vya shule vikauita mutambo ule kwa jina la Ruhmkorff. Kwa muda wa miaka mingi Padri alisahauliwa, mpaka mwaka 1936, wakati mwalimu mumoja wa Maynooth, P. J. McLaughlin, alipoyaleta maandiko ya zamani na kuonyesha ni nani aliyetangulia.

Leo motokari ya esansi inawashwa kwa chombo cha namna hiyohiyo, na wenye kuanza kujifunza mutambo wa Tesla mara nyingi wanakiokota katika motokari zilizokufa. Vyombo vya Callan mwenyewe vimewekwa Maynooth, pamoja na waya alizozizungusha.