Matini Asilia na Nambari za Mashine: Namna Programu Zilivyogawiwa

Programu ya kompyuta huwa na maumbo mawili. La kwanza ni matini asilia, yaani maagizo aliyoyaandika mtungaji, ambayo mjuzi mwingine aweza kuyasoma na kuyasahihisha. La pili ni nambari za mashine, zitolewazo na kompaila baada ya kuifasiri matini hiyo. Kompyuta huzitekeleza papo hapo, lakini binadamu hazisomi ila kwa taabu kubwa. Je, mtumiaji apewe lipi?

Hapo awali swali hili halikuwa na uzito. Watumiaji wa mashine ya IBM 704 huko Marekani walipounda chama cha SHARE mwaka 1955, walibadilishana programu pamoja na matini yake, wala hakuna aliyestaajabu, kwani kilichouzwa kilikuwa mashine. Mwaka 1969 IBM ilitangaza kuwa baadhi ya programu zitauzwa peke yake. Mwaka 1983 ikaongeza kwamba programu zake mpya zitatolewa kwa nambari za mashine tu. Wateja waliozoea kurekebisha kasoro kwa mikono yao wenyewe walilalamika, na haki walikuwa nayo.

Jumuiya za lugha za programu zilishika desturi ya zamani. Ghala la CPAN la lugha ya Perl, lililofunguliwa mwaka 1995, hutoa vifurushi kwa matini asilia, na kila mmoja huvijenga kwenye mashine yake. Ni njia ya kiungwana, ila humtwisha mgeni mzigo. Mtumiaji wa Python aliyetaka kujijengea NumPy, ambayo sehemu yake kubwa imeandikwa kwa lugha ya C, alihitaji kwanza kompaila ya C, chombo ambacho Windows haiji nacho. Ndiyo sababu umbo liitwalo wheel, lenye nambari za mashine tayari, lilikubaliwa mwaka 2013. Gharama yake ilihamia kwa watungaji: kila mfumo wa kompyuta wadai wheel yake.

Mzozo ulifufuka mwaka 2023 katika lugha ya Rust. Kifurushi cha serde_derive, kinachotegemewa na programu nyingi mno, kilianza kubeba nambari za mashine kwa watumiaji wa Linux ili kupunguza muda wa kujenga. Wengi wakauliza: nani atathibitisha kwamba nambari hizo zimetokana kweli na matini inayoonyeshwa? Mwaka huohuo toleo 1.0.184 liliziondoa.

Hata hivyo, wanaodhani matini asilia yatosha hawajamsoma Ken Thompson. Katika hotuba yake iliyochapishwa mwaka 1984 alionyesha kwamba kompaila yenyewe yaweza kutiwa hila ya kupenyeza mlango wa siri katika programu, ilhali matini zote zaonekana safi. Kuanzia mwaka 2013 watungaji wa Debian walikabili shaka ya aina hii kwa njia nyingine: matini moja hujengwa zaidi ya mara moja, na matokeo hulinganishwa baiti kwa baiti.