Yai Lisilotaka Haraka

Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokwisha. Nilikuwa nasomea sayansi ya wanyama, na kipindi ninachokikumbuka zaidi ni kile tulicholetewa ovari za ng'ombe kutoka kichinjioni, zimo ndani ya thamosi utadhani chai ya wafanyakazi. Tulifyonza maji ya vile vifuko vidogo kwa sindano, tukayamwaga kwenye sahani, tukainamia darubini. Mayai yalikuwemo, kila moja limezungukwa na wingu la seli.

"Hayo hayafai kwa lolote," mwalimu akasema. "Bado mabichi. Rudini kesho."

Kesho yake wingu lilikuwa limefura, limelegea kama ute. Nikataka kujua nani alikuwa wa kwanza kuambiwa arudi kesho.

Yai linapokuwa kwenye ovari limesimama katikati ya safari. Limeanza kugawanya kromosomu zake kabla hata mnyama mwenyewe hajazaliwa, kisha likatulia. Mpaka liamke na kuendelea na kazi hiyo, mbegu ya dume haiwezi kulifanya chochote cha maana. Mwaka 1935, Gregory Pincus na mwenzake Enzmann, wakiwa Harvard, walitoa mayai ya sungura kwenye vifuko vyake na kuyaweka kwenye sahani. Mayai yakaamka yenyewe. Hakuna homoni, hakuna kubembelezwa. Kumbe kifuko ndicho kilichokuwa kinayazuia. Magazeti yalimgeuza Pincus kuwa mtengeneza majini, Harvard ikamnyima kazi ya kudumu, na baadaye akaja kujulikana kwa kidonge cha kupanga uzazi. Maisha haya!

Lakini Pincus aliacha kosa nyuma yake. Mwaka 1939 yeye na mwenzake mwingine walidai kwamba yai la binadamu hukomaa kwa saa 12. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Robert Edwards, Mwingereza aliyezoea mayai ya panya, aliamini hivyo. Daktari Molly Rose alimpa vipande vya ovari kutoka kwa wanawake waliofanyiwa upasuaji. Edwards akasubiri saa 12. Hamna kitu. Akarudia, hamna kitu. Si unajua ile hali ya kufuata maelekezo neno kwa neno halafu ugali unakataa? Hatimaye aliyaacha mayai yakae zaidi, na baada ya siku nzima hivi ndipo kromosomu zikaanza kusogea. Ripoti yake ya 1965 ilipanga panya, kondoo, ng'ombe, nguruwe, nyani na binadamu, kila mmoja na saa yake. Binadamu alihitaji kama saa 36.

Ajabu ni kwamba yai lililomleta duniani Louise Brown mwaka 1978 halikukomaa kwenye sahani. Lilikomaa tumboni mwa mamake. Kwa watu, madaktari waliona afadhali kuuachia mwili kazi hiyo. Waliobaki na sahani ni watu wa mifugo, kwa sababu moja rahisi: kichinjio hakiishiwi ovari. Miaka ya 1980 ndama wakaanza kuzaliwa kutokana na mayai mabichi yaliyokomazwa maabara.

Hapo ndipo shida yenyewe ilipojitokeza. Chukua mayai 100 ya ng'ombe: mengi yatakomaa ukiyatazama kwa darubini, lakini takriban theluthi tu ndiyo yatafika kiinitete cha siku ya saba. Kiini chenye kromosomu kilikimbia, sitoplazimu inayokizunguka ikaachwa nyuma haijajiandaa. Kwa hiyo kile Pincus alichokishangilia, yai kuamka lenyewe, ndicho kilichokuwa hasara. Kifuko hakikuwa jela. Kilikuwa kinalipa yai muda wa kuweka akiba. Mwaka 2010 watafiti wa panya walionyesha kemikali ambayo ukuta wa kifuko hutoa ili kulituliza yai, na maabara zikaanza kuiongeza kwenye sahani. Miaka 75 baadaye, kuboresha kukawa ni kuchelewesha, bana.

Ningeyasoma haya yote kama mambo ya Wazungu na panya wao, kama si Laikipia. Tarehe 22 Agosti 2019, pale Ol Pejeta, Najin na bintiye Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho duniani, walilazwa usingizi na kutolewa mayai 10, matano kila mmoja. Mabichi, bila shaka. Yakapandishwa ndege hadi Cremona, Italia. Yaliyokomaa ni 7. Viinitete vilivyopatikana ni 2, vyote vya Fatu. Mwaka 2021 Najin alistaafishwa. Kufikia mwanzo wa 2024 viinitete vilikuwa 30, kila kimoja cha Fatu.

Kifaru hana kichinjio. Mwalimu wangu alikuwa na thamosi nzima ya ovari za kuharibu. Hawa wa Cremona walifanyia mazoezi mayai ya vifaru weupe wa kusini, jamaa wa karibu walioko kwenye bustani za wanyama za Ulaya, kabla ya kuyagusa ya Fatu. Fatu alizaliwa mwaka 2000. Kila yai lake linalokwama kwenye sahani ni sehemu ya usingizi wa dawa iliyopita bure.