Majina ya Nukta za Mwili

Galen wa Pergamon, tabibu wa karne ya 2, aliandika kwa Kiyunani, lugha ya elimu ya zama zake. Alipasua nyani na nguruwe badala ya maiti za watu, na makosa yake yalifundishwa kwa zaidi ya miaka 1,000.

Elimu hiyo iliwafikia Waarabu, wakaikuza. Katika karne ya 11 Konstantino Mwafrika, mzaliwa wa Afrika Kaskazini, alifasiri vitabu vyao kwa Kilatini katika monasteri ya Monte Cassino. Humo neno la Kiarabu nukhaa, yaani uboho wa uti wa mgongo, likawa nucha. Baadaye likahamia ukosini, na huko ndiko liliko hadi leo. Kwa mshika kisu, kuhama huko si jambo dogo.

Mwaka 1543 mwanaanatomia Andreas Vesalius alichapisha kitabu chake cha anatomia huko Basel, akiyaamini macho yake mbele ya maiti. Sehemu alizirekebisha, majina yalibaki mchanganyiko wa Kiyunani, Kilatini, Kiarabu na Kiebrania.

Karne ya 19 ilitaka nukta kamili. Huko Paris, daktari Paul Broca alipima mafuvu kutoka nukta hadi nukta: bregma utosini, inioni kisogoni. Vipimo hivyohivyo vilitumiwa kupanga watu kwa madaraja ya rangi, dhuluma isiyofaa kusahauliwa. Mwaka 1889, New York, daktari mpasuaji Charles McBurney alieleza mahali maumivu ya kidole tumbo hujikita. Vuta mstari kutoka ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga ya kulia hadi kitovuni. Nukta iko kwenye theluthi ya kwanza, upande wa mfupa.

Kufikia hapo majina yalikaribia 50,000, sehemu moja ikiitwa hivi Berlin na vile London. Mwaka 1895 wanaanatomia waliyapunguza hadi 5,500 hivi. Orodha ya kimataifa ya 1998 iliyaacha nje majina ya watu, lakini wodini nukta ya McBurney ingali inatajwa.

Mgonjwa wetu hasemi McBurney. Husema maumivu yalianzia kitovuni, yakashuka kulia, karibu na kinena. Mwanafunzi wa udaktari, jifunze Kilatini chako, na pamoja nacho utosi, ukosi, mtulinga na chembe ya moyo. Kwa maneno hayo ndiyo utaelezwa ugonjwa.