Kaburi Lililogeuka Mlinzi wa Msitu

Treni iliyobeba mwili wa Rais Abraham Lincoln iliondoka Washington tarehe 21 Aprili 1865. Ilipita mji baada ya mji kwa karibu wiki mbili, mwendo wa kilomita zipatazo 2,700, na katika miji mikubwa jeneza lilifunguliwa ili watu wamwone kiongozi wao kwa mara ya mwisho. Alizikwa Springfield, Illinois, tarehe 4 Mei. Bila dawa ya kuzuia kuoza mwili usingestahimili safari ile. Waliopanga foleni walijionea wenyewe kwamba maiti inaweza kuzuiwa isioze, na wengi wakaitaka heshima hiyo kwa wazazi wao pia.

Dawa yenyewe ilikuwa imepata soko vitani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza 1861, viliua vijana wengi mno mbali na kwao, na familia zenye uwezo zilitaka miili irudishwe nyumbani. Dkt. Thomas Holmes, aliyeutia dawa mwili wa Kanali Elmer Ellsworth mwezi Mei mwaka huo, alikuja kudai kwamba alihudumia maiti zaidi ya 4,000. Dawa nyingi za wakati ule zilitengenezwa kwa aseniki, sumu ambayo hubaki udongoni hata mwili ukishakwisha. Karne ya 20 ilipoanza nafasi yake ikashikwa na fomalini, ile ile ambayo harufu yake inatupokea mlangoni mwa mochwari zetu. Mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilitamka kwamba fomaldehaidi, kemikali iliyomo ndani ya fomalini, husababisha saratani kwa binadamu. Wa kwanza kudhurika ni wafanyakazi wanaoivuta kila siku.

Baada ya dawa likaja jeneza la chuma au la mbao ngumu iliyopigwa vanishi, kisha sanduku la zege la kulifunika jeneza hilo kaburini. Zege halikuletwa na dini wala, kwa kawaida, na sheria za majimbo. Limeletwa na kanuni za wenye makaburi, wanaotaka ardhi isititie ili mashine za kukata nyasi zipite bila shida. Kwa makadirio ya Green Burial Council, shirika la Marekani linalosimamia viwango vya mazishi ya asili, maziko ya nchi hiyo hufukia takriban tani milioni 1.6 za zege kila mwaka. Wengi wamekimbilia kuchoma maiti, lakini tanuri nalo hula gesi na kutoa moshi, pamoja na zebaki iliyozibiwa meno.

Uingereza ilitangulia kutafuta njia nyingine. Mwaka 1993, Ken West, msimamizi wa makaburi ya mji wa Carlisle, alitenga kipande cha ardhi ambapo watu wangezikwa bila dawa na juu ya kaburi ukapandwa mti mahali pa jiwe. Leo nchi hiyo ina viwanja zaidi ya 200 vya namna hiyo. Ni jambo jema, ila ardhi iliyotumika Carlisle ilikuwa ya makaburi tangu zamani. Hatua kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ilipigwa Marekani miaka mitano baadaye.

Dkt. Billy Campbell alikuwa daktari wa kawaida katika mji mdogo wa Westminster, jimbo la South Carolina. Yeye na mkewe Kimberley waliona kwamba fedha zinazozama ardhini pamoja na majeneza zingetosha kununua misitu na kuitunza. Mwaka 1998 wakafungua Ramsey Creek Preserve, msitu wa ekari zaidi ya 30 kando ya kijito. Hapo maiti haitiwi dawa. Inavishwa sanda au inawekwa katika jeneza la mbao laini lisilo na chuma. Kaburi huchimbwa kwa mkono, tena mbali na maji. Udongo hurudishwa ukiwa tuta, maana utashuka wenyewe, kisha juu yake hupandwa mimea ya msitu ule ule. Alama ni jiwe la pale pale, limelazwa chini. Sehemu kubwa ya msitu haina kaburi hata moja.

Msomaji wa Pwani atasema hayo si mageni kwake. Kweli kabisa. Mwislamu wa Lamu au Tanga huzikwa kwa sanda, akalazwa katika mwanandani, yaani shimo la pembeni ndani ya kaburi, na jeneza lililombeba likarudi msikitini kumngoja mwingine. Babu zetu wa bara nao walizikwa kwa ngozi, mkeka au gome la mti. Udongo hujua kazi yake. Kwenye kina cha karibu mita moja kuna hewa, bakteria, kuvu na mizizi, na mwili huwa chakula chao. Ukishushwa chini sana na kufungiwa ndani ya zege huoza polepole bila hewa, na mti hauambulii kitu.

Jipya la Ramsey Creek liko kwenye karatasi. Mwaka 2006 ardhi hiyo iliwekewa hati ya kudumu ya uhifadhi, inayosimamiwa na asasi ya Upstate Forever. Hati ya namna hiyo hufuata ardhi, haifuati mtu. Mwenye shamba anaweza kufa au kuuza, lakini atakayenunua hana ruhusa ya kukata viwanja vya nyumba. Faida kubwa ya mazishi haya kwa mazingira naiona hapo, hata kuliko kuepuka fomalini: kila anayezikwa huacha fedha za kuutunza msitu, pamoja na watoto na wajukuu watakaopiga kelele siku mtu akija na tingatinga. Wengine wameiga. Prairie Creek huko Gainesville, Florida, ilifunguliwa 2010 kwenye ekari 93 zinazopakana na hifadhi ya Paynes Prairie.

Sisi tunao mfano wa kale zaidi. Kaya za Wamijikenda, kutoka Kwale hadi Kilifi, zilikuwa vijiji vilivyozungukwa na msitu, na humo wakazikwa waasisi. Watu walipohamia nje ya kaya, makaburi na fingo (hirizi zilizofukiwa kuilinda kaya) vilibaki, na miiko ikabaki navyo: hukati mti, hulishi mifugo, hutoki hata na ukuni mkavu. Ndiyo maana mashamba na hoteli vilipoenea pwani, miti mingi adimu ya Kenya ilisalia humo. Lakini mwiko pekee haukutosha. Vijana walipoacha kuwasikiliza wazee, kingo za kaya zilianza kumegwa na viwanja kuuzwa. Serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 kaya 10 zikaingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia.

South Carolina ilikuwa na sheria, ikawa inatafuta watu wa kuupenda msitu. Kwetu mapenzi yalikuwapo, sheria ikachelewa. Na wakati huo huo makaburi ya vijijini yanazidi kumwagiwa zege na kubandikwa vigae, kana kwamba mapenzi kwa marehemu hupimwa kwa mifuko ya saruji.

Ukoo wenye kichaka cha makaburi usingoje kipimwe na mnunuzi. Kaeni na wazee, mzunguke nao mipaka, muiandike, muipeleke ofisi ya ardhi. Fanyeni hivyo mwaka huu, wakati wanaoijua mipaka hiyo wangali hai.