Uwanda wa Ugogo na Elimu ya Kanda za Dunia

Mwanafunzi aanzaye masomo ya jiografia chuoni hukutana mapema na somo la kanda za dunia. Hupewa ramani kubwa iliyopakwa rangi, jangwa kwa manjano, msitu wa mvua kwa kijani kilichokoza, na mbuga za majani kwa rangi iliyo baina ya hizo mbili. Kisha hufundishwa habari za kila kanda, mvua yake, udongo wake, mazao yake na watu wake. Somo hili lina faida kubwa, kwa maana dunia isiyogawanywa haisomeki. Lakini lina hatari yake pia. Rangi za ramani humfanya mwanafunzi adhani kuwa kanda ni kitu kilichoumbwa kama mlima au ziwa, hali kanda ni jawabu la swali, na kila swali lina mwenye kuliuliza.

Hakuna haja ya kwenda mbali ili kuuthibitisha usemi huu. Kizota ni kata ya Jiji la Dodoma, upande wa magharibi wa mji, katika uwanda wa juu ambao kwa asili huitwa Ugogo. Mvua ya hapo ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hata Aprili, na wastani wake kwa mwaka ni kama milimita 570. Kwa muda wa zaidi ya karne moja na nusu uwanda huu umetiwa katika kanda nyingi mbalimbali, ingawa wenyewe haukuhama. Historia ya kutiwa huko yafaa kusomwa pamoja na ramani.

Waswahili walikuwa na jiografia yao ya kanda kabla ya kuwako vyuo vikuu. Walitenga Pwani na Mrima, Nyika na Bara. Na lugha yenyewe iliwapa kiambishi kimoja kifupi cha kutajia nchi kwa watu wake, wakasema Usagara, Ugogo, Unyamwezi, Uhehe. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji iliongeza majina mengine yaliyotoka katika taabu ya njia. Mashariki ya Ugogo palikuwa na Marenga Mkali, pori la maji machungu na haba. Magharibi yake palikuwa na Mgunda Mkali, pori refu la kuvuka kabla ya kufika Unyamwezi. Majina hayo hayakupimwa kwa chombo cha mvua, yalipimwa kwa kiu na kwa nyayo za wapagazi.

Basi kwa mtu wa msafara Ugogo ilikuwa nchi iliyo baina ya makali mawili. Ilikuwa mahali pa kupata maji na nafaka, na mahali pa kulipa hongo kwa watemi. Wasafiri waliilalamikia sana hongo hiyo. Lakini ukilitazama jambo hili kwa upande wa mwenye nchi, sura yake yageuka. Katika nchi ambayo kisima huchimbwa kwa jasho na hukauka kabla ya mvua kurudi, kundi la mamia ya watu linalopita na kunywa lachukua uhai wa wenyeji na wa ng'ombe wao. Kilichoitwa unyang'anyi katika kitabu cha safari kilikuwa haki ya maji kwa mtemi. Njia moja, kanda mbili.

Richard Burton na John Speke walipita hapo mwaka 1857, wametumwa na chama cha wanajiografia cha London. Kitabu alichokitoa Burton mwaka 1860 alikipa jina la kanda za maziwa za Afrika ya Kati, na jina hilo peke yake ladhihirisha alichokuwa akikitafuta. Maziwa ndiyo yaliyokuwa shabaha. Ugogo ilikuwa umbali wa kumalizwa. Henry Stanley naye alivuka mwaka 1871 kwa haraka ya kumtafuta Livingstone. Watu hawa waliandika mengi yaliyo kweli, lakini waliuandika uwanda kama ambavyo mtu aandika habari za ukumbi anaoupita kwenda chumbani.

Karne ya 20 ilileta mgawanyo wa namna nyingine. Mwaka 1905 Andrew John Herbertson, mwalimu wa Oxford, alitoa makala ya kuigawanya dunia yote katika kanda kubwa za asili, kwa kufuata tabia ya nchi, umbo la ardhi na mimea. Nchi za mabara mbalimbali ziliweza kuwekwa katika aina moja, ikiwa mvua na joto lake vyafanana. Njia hii ilikuwa na uzuri wake, kwani ilimwezesha mwanafunzi kulinganisha na kutafuta sababu badala ya kukariri majina ya miji na mito. Iliingia katika vitabu vingi vya shule za Uingereza, na kwa vitabu hivyo ikafika Afrika ya Mashariki, ambako shule za sekondari zilifanya mtihani wa Cambridge, na ambako Makerere tangu mwaka 1949 ilitayarisha wanafunzi kwa shahada za London. Hivyo kijana wa Ugogo aliweza kueleza vizuri mashamba ya ngano ya Kanada, naye asiulizwe kwa nini nyumba ya babake ni tembe. Na tembe ni ukurasa mzima wa jiografia: paa lake la bapa, lililokandikwa udongo, laeleza habari za mvua chache, za miti mifupi, na za mifugo inayolazwa karibu na watu.

Si kweli, hata hivyo, kwamba hakuna aliyeuliza maswali ya papo hapo. Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyefika nchini mwaka 1905 kujenga Reli ya Kati, alitembea Tanganyika kwa miaka mingi, na mwaka 1936 akatoa ramani ya idadi ya watu. Ramani hiyo ilionyesha kwamba watu wamesongamana katika sehemu ndogo za nchi, na kwamba sababu kubwa ni upatikanaji wa maji. Swali lake halikuwa mvua yanyesha kiasi gani, bali mtu apata wapi maji ya kunywa mwezi wa Oktoba. Kwa swali hilo mipaka ya kanda ikakaa mahali pengine.

Miaka 18 baadaye alitokea mwenye nchi mwenyewe. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa katika Dodoma na mshairi ajulikanaye kote, alichapisha mwaka 1954 kitabu chake Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Humo Ugogo si njia wala rangi ya ramani. Ni nchi ya koo, watemi, ng'ombe na mvua inayoombwa. Kwa desturi vitabu vya namna hii huwekwa katika rafu ya mila, mbali na rafu ya jiografia. Mpangilio huo una kasoro, kwani habari za jinsi watu walivyohama, walivyogawana malisho na walivyoyatunza maji ndizo habari za kanda zenyewe.

Umuhimu wa jambo hili si wa darasani tu. Tangu zamani Ugogo imetajwa vitabuni kuwa nchi ya njaa, kana kwamba njaa ni tabia ya nchi iliyoandikwa mbinguni. Ni kweli kwamba mvua ya uwanda huu hubadilika sana mwaka hata mwaka, na kwamba wenyeji walichagua mtama na uwele kwa sababu hiyo. Lakini njaa kuu iliyokumbukwa kwa jina la Mtunya, ya miaka ya 1917 hata 1920, haikuletwa na mbingu peke yake. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua wanaume kuwa wapagazi. Na ukame ulipofika ulikuta ghala tupu na zizi tupu. Kitabu kitakachoitia Mtunya katika sura ya hali ya hewa, bila kuitaja vita, kitakuwa kimemwonea marehemu mara ya pili.

Kosa la kanda laweza pia kuhesabiwa kwa fedha. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, kwa haja ya mafuta ya kula baada ya vita, iliwatuma wataalamu wakiongozwa na John Wakefield kutazama uwezekano wa kulima karanga. Safari yao ilichukua majuma tisa, na nchi nyingi waliitazama kutoka ndegeni. Wakapendekeza zaidi ya eka milioni tatu zilimwe kwa mashine, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika, na kazi ikaanzia Kongwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Kutoka juu Kongwa ilionekana pori kubwa lisilo na watu, nayo ikahesabiwa kuwa kanda ya ardhi tupu. Katrapila zilipofika, visiki na mibuyu viliharibu vyuma. Udongo wa mfinyanzi, mvua zikikoma, ulikauka ukawa kama saruji, karanga zikakwama chini. Na mvua yenyewe haikufuata wastani wa vitabu. Januari 1951 mpango ukavunjwa, na hasara ikawa karibu pauni milioni 36. Swali moja halikupewa uzito wake, nalo ni la kwanza katika jiografia yoyote: mbona wenyeji, ambao si wavivu wala si wajinga, wameiacha nchi hii kuwa ya malisho?

Kinyume chake ni habari ya zabibu. Vitabu vya mwanzo huifungamanisha zabibu na nchi za Bahari ya Kati, penye mvua ya majira ya baridi na kiangazi kikavu. Kwa kanuni hiyo Dodoma, ambayo mvua yake hunyesha wakati wa joto, isingestahili. Lakini wamisionari wa Kikatoliki walipoipanda Bihawana katika miaka ya 1950, mizabibu ilishika. Na kwa kuwa hapana baridi kali ya kuilaza, mkulima aweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Kongwa na Bihawana zote mbili zimo katika uwanda mmoja. Huko kanda ilidhaniwa kuruhusu kisichowezekana. Huku ilidhaniwa kukataza kinachowezekana. Aina ya kanda ni mwongozo wa uchunguzi, si hukumu.

Mwaka 1973 uwanda uliulizwa maswali mawili kwa mpigo. Chama cha TANU kiliamua makao makuu ya serikali yahamie Dodoma, na sababu mojawapo ni kuwa hapo ni kati ya nchi: mahali palipokuwa njia ya misafara pakawa kitovu. Mwaka huohuo ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uitwao HADO, kwa ajili ya ardhi iliyomomonyoka, hasa Kondoa, ambako mwaka 1979 mifugo iliondolewa ili majani yaote. Mpangaji wa miji aliona kitovu, mtaalamu wa udongo aliona makorongo. Hakuna aliyesema uongo. Serikali ilikwenda kuhamia kwa nguvu tangu mwaka 2016, na Dodoma ikawa jiji mwaka 2018. Chuo Kikuu cha Dodoma kilikuwa kimekwisha kuanzishwa mwaka 2007.

Sasa na turudi Kizota. Hapo yako maghala na vihenge vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanza mwaka 2008 kuendeleza kazi ya hifadhi iliyowekwa katika miaka ya 1970, baada ya ukame wa 1973 na 1974. Mahindi mengi ya hifadhi hiyo hununuliwa Rukwa, Ruvuma na Songwe, penye mvua nyingi, yakawekwa katika nchi kavu ambayo yenyewe huyavuna kwa shida. Mtu akizisoma kanda mojamoja, sura kwa sura, hatayaelewa maghala haya. Maana yake yamo katika uhusiano wa kanda na kanda, katika barabara na reli zinazoziunganisha, na katika kumbukumbu ya Mtunya na njaa zilizoifuata.

Kwa hiyo yapasa somo la kanda za dunia katika vyuo vya uwanda huu lianze kwa maswali machache, na ramani ya dunia ifuate. Mpaka huu ulichorwa na nani, na kwa haja gani? Wakaao ndani yake huiitaje nchi yao? Ni kitu gani huvuka mpaka huu kila mwaka, nafaka, ng'ombe, maji au watu? Mwanafunzi aliyekwisha kuyajibu kwa Kizota, kwa kupima mvua, kuuliza wazee na kuyafuata mahindi hadi yalikotoka, ataweza kuyauliza kwa Sahel, kwa Siberia na kwa bonde la Amazon, na hataridhika kuambiwa kwamba nchi ya watu wengine ni tupu.