Simu inaita meza ya jirani: Uidake kwa mtambo ulionao, au ulipie nyongeza?

Simu ya mezani inaita kwenye meza ya mwenzako aliyetoka kula. Unaisikia kabisa, ila hadi uinuke na kuifikia, imeshakatika. Kwa ofisi ya utalii hapa Arusha, aliyekata anaweza kuwa mteja wa safari ya siku 7 Serengeti, na namba inayofuata kwenye orodha yake ni ya kampuni nyingine.

Dawa yake ipo miaka mingi: kudaka simu. Unabonyeza tarakimu chache kwenye simu ya meza yako, na ile inayoita kwa mwenzako inahamia kwako. Kwenye menyu ya mtambo itafute kwa jina Call Pickup.

Ukiomba bei ya mfumo mpya, unaweza kukuta huduma hii imeandikwa kama kitu cha kulipia pembeni. Kumbe huenda unayo tayari. Kabla hujatoa hela, soma hapa.

Kudaka siyo sawa na kuita kwa pamoja

Watu wengi wanachanganya vitu viwili. Kuita kwa pamoja ni pale simu moja ikiingia, meza zote zinalia kwa wakati mmoja. Inafaa mapokezi, lakini ofisi nzima ikilia kila dakika 2 ni kero.

Kudaka ni tofauti. Inalia meza moja tu, ile iliyopigiwa. Wengine wananyamaza, ila wana ruhusa ya kuichukua mwenyewe akichelewa.

Na kuna aina mbili:

- Kudaka kwa kundi: unachukua simu yoyote inayoita ndani ya kundi lako, bila kujua ni meza ya nani.
- Kudaka kwa kulenga: unataja namba ya ndani ya meza inayoita, unachukua hiyo tu.

Iliyomo ndani ya mtambo

Chukua mfano wa PABX ya Panasonic KX-TES824, mtambo mdogo unaoanza na laini 3 za nje na simu 8 za ndani, na unaweza kupanuliwa hadi laini 8 na simu 24. Kwa mpangilio wake wa kiwandani, *40 inadaka simu ya kundi lako. *41 ikifuatiwa na namba ya ndani ya mwenzako inadaka ya meza hiyo. Hakuna leseni wala malipo ya mwezi.

Mifumo ya intaneti nayo ni hivyohivyo. Asterisk, programu huria iliyoanzishwa na Mark Spencer wa Marekani mwaka 1999, imebeba huduma hii ndani yake. Namba yake ya kawaida ni *8 kwa kundi. Kwenye FreePBX, ambayo imejengwa juu ya Asterisk, unabonyeza ** kisha namba ya ndani ya mwenzako kwa kulenga.

Sasa kwa nini ofisi nyingine wanabonyeza *8 na hakuna kinachotokea? Mara nyingi ni makundi. Mtambo haujui nani anaruhusiwa kudaka ya nani mpaka fundi aandike. Kwenye Asterisk kila simu inapewa vitu viwili: kundi inalomo ikiita, na kundi inaloruhusiwa kudaka. Ukijaza kimoja ukaacha kingine, huduma haifanyi kazi. Ni suala la mpangilio tu, hakuna cha kununua.

Ya kuongeza

Hapa kuna bidhaa za aina mbili, na zinatatua shida tofauti.

Ya kwanza ni vitufe vyenye taa. Simu nyingi za mezani za IP zina vitufe vichache vinavyoonyesha hali ya mwenzako: yuko huru, anaongea, au simu yake inaita. Ikiita, kitufe kinawakawaka, unakibonyeza, umedaka. Vikiwa vichache unanunua kibao cha ziada. EXP43 ya Yealink, kwa mfano, ina vitufe 20 kwenye kurasa 3, yaani nafasi 60. Kwa dada wa mapokezi anayehudumia watu 40 hiyo ni msaada wa kweli. Kwa ofisi ya watu 6, *8 inatosha.

Ya pili ni leseni na programu za simu ya mkononi au kompyuta. Microsoft Teams ina kudaka kwa kundi, ila ni lazima uwe na Teams Phone, ambayo kwa vifurushi vingi ni leseni ya kulipia juu ya ile ya kawaida, kwa kila mtumiaji. Na leseni pekee haikuunganishi na namba yako ya 027. Hiyo ni kazi nyingine, na gharama nyingine.

Jiulize: watu wako wapi?

Hili ndo swali la kuamua. Huduma iliyomo ndani inasaidia pale simu inapoita na kuna mtu karibu wa kuisikia. Kama hakuna mtu, *8 haina wa kuibonyeza.

Angalia saa. Katika miezi ya msimu mkubwa, Juni hadi Oktoba, saa 11 jioni Arusha ni saa 4 asubuhi New York, na San Francisco ndo kwanza saa 1 asubuhi. Mteja wa Marekani anaanza siku yake wakati ofisi yako inafunga mlango. Hapo programu ya kwenye simu ya mkononi, inayomwezesha mtu wa zamu kudaka akiwa nyumbani Njiro au njiani kwenda Usa River, inaweza kurudisha hela yake.

Lakini pima mtandao kwanza. Simu moja ya IP kwa ubora wa kawaida inakula takriban kilobiti 90 kwa sekunde kila upande. Kwa loji iliyo kwenye miteremko ya Meru ambako mtandao unasuasua, simu itadakwa halafu sauti ikatike vipandevipande.

Na umeme ukikatika, simu ya IP inazima pamoja na ruta yake. Bajeti ya UPS iwekwe kabla ya bajeti ya leseni.

Nani adake ya nani?

Usiweke ofisi nzima kundi moja. Kwenye zahanati, ofisi ya wakili au idara ya mishahara, anayedaka simu anasikia mambo ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na inahusu taarifa za wateja na wagonjwa pia. Tenga makundi: mapokezi kivyao, uhasibu kivyao, daktari nje ya kundi. Mitambo mingi, ikiwemo ya Panasonic, inaruhusu pia meza moja kufungiwa isidakwe.

Jaribu leo, dakika 5

1. Mwambie mwenzako apige meza iliyo tupu.
2. Ukiwa meza nyingine, nyanyua mkonga ubonyeze *8, au *40 kama ni Panasonic.
3. Ikikubali, unayo. Bandika karatasi yenye namba hiyo kwenye kila simu.
4. Ikikataa, mwambie fundi: "Niwekee makundi ya kudaka simu." Usimwambie "niuzie".
5. Kwa wiki 2, andika simu zilizopotea na saa zake.

Orodha hiyo ya wiki 2 ndo itakujibu. Zikipotea mchana ofisi ikiwa na watu, panga makundi, basi. Zikipotea jioni na wikiendi, sasa unaweza kukaa na muuzaji mkaongea bei.