Kabla ya Tiki za Bluu: Watu Wasiotajwa Waliobeba Jina la Ofisi

Kila mtaa wa mjini una mtu huyu. Ana kesi ya kiwanja, ada ameshalipa nusu. Ijumaa jioni anamwandikia wakili wake: "Wakili, habari za jioni. Samahani kwa usumbufu, Jumatatu kesi ipo au imeahirishwa?" Tiki mbili zinageuka bluu. Halafu kimya. Jumamosi kimya. Jumapili wakili anaweka stetasi, yuko kwenye sendofu ya mtu, kapendeza kweli.

Hapo swali la mteja si la Jumatatu tena. Ni hili: "Hivi huyu nilimpa kesi yangu ya nini?"

Inawezekana wakili yule jalada amelisoma mara tatu na hoja zake ziko moto. Mteja hajui. Anachojua yeye ni kwamba amechuniwa.

Watu wengi hudhani ugonjwa huu umeletwa na WhatsApp. Wapi! Una umri wa karne na zaidi, na historia yake imejaa watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Kwanza, kwa nini kuchelewa kujibu kunauma hivyo? Mwaka 1973 wachumi wawili, Michael Darby na Edi Karni, waliandika kuhusu huduma ambazo mnunuzi hawezi kuzipima vizuri hata baada ya kuzilipia. Pilau likiungua unajua kwa kijiko cha kwanza. Lakini mkaguzi wa hesabu akifanya kazi mbovu, utajuaje? Daktari akikwambia jino ling'olewe, unabishana naye kwa elimu gani? Kwa hiyo mteja anatumia kipimo pekee alichonacho, yaani saa. Ubora haoni, ila dakika anazihesabu.

Na dakika hizo zimekuwa zikipungua tangu zamani. Uingereza, kabla ya 1840, mara nyingi aliyepokea barua ndiye aliyeilipia, na bei ilipanda kulingana na umbali. Mwaka huo ikaja stempu ya peni moja. Miaka ilivyosonga, katikati ya London barua zikawa zinasambazwa hadi mara 12 kwa siku. Mtu angeweza kuandika asubuhi na kusoma jibu kabla ya usiku. Kisingizio cha "posta imechelewa" kikaanza kufa. Ndani ya ofisi za mawakili, waliobeba mzigo huo ni makarani waliokaa kwenye viti virefu wakinakili barua kwa mkono. Sahihi chini ya barua ilikuwa ya bosi. Mwandiko ulikuwa wa karani asiyejulikana.

Halafu ikaja simu, na madaktari walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuiona faida yake. Mjini Hartford, Marekani, duka moja la dawa liliunganishwa kwa waya na madaktari wa mji ule. Usiku wa tarehe 15 Januari 1878, daraja la reli la Tariffville lilivunjika treni ikipita, na watu 13 wakafariki. Kutoka dukani pale, madaktari wakaitwa kwa simu kwenda kuokoa majeruhi. Fikiria maana yake kwa watu wa Hartford. Kuanzia usiku ule, daktari mzuri ni yule pia anayepatikana.

Lakini kupatikana peke yake hakutoshi. Mwaka huo huo kampuni za simu ziliajiri vijana wa kiume kuunganisha simu, wale wale waliokuwa wakifanya kazi ya telegrafu. Ikawa balaa! Walikuwa wepesi, ila walifanyiana utani kazini na kuwatukana wateja hewani. Septemba 1878, Boston, akaajiriwa Emma Nutt, mwanamke wa kwanza kufanya kazi hiyo. Wateja wakapenda sauti yake tulivu. Jina lake limebaki. Maelfu ya wanawake waliomfuata hawatajwi, ingawa kwa mteja, ile sauti ndiyo ilikuwa kampuni.

Ofisini akaja sekretari wa simu ya mezani. "Bosi yuko kwenye kikao, naomba jina lako na namba, atakupigia saa kumi." Wakati mwingine bosi hakuwa kwenye kikao chochote. Alikuwa anakula. Haijalishi, mteja alikata simu akiwa ametulia, kwa sababu kuna mtu amemsikia na kuna saa ametajiwa.

Mwaka 1985 David Maister aliandika juu ya saikolojia ya foleni akaeleza jambo hilo hilo: kusubiri bila kujua mwisho huonekana kurefu kuliko kusubiri kwenye muda unaojulikana. Miaka mitatu baadaye, Parasuraman, Zeithaml na Berry wakatoa kipimo chao cha ubora wa huduma chenye mambo matano. Moja kati ya hayo matano ni wepesi wa kumhudumia mteja.

Mawakili wa Marekani wenyewe walilazimika kuliandika hili. Kanuni za mfano za chama chao za mwaka 1983 zilikuja kuwa na maelezo kwamba simu za wateja zirudishwe haraka, au mteja ajulishwe kuwa imepokelewa. Mwaka 2012 neno "simu" likaondolewa, yakawekwa mawasiliano yote. Lakini "au" ikabaki. Ndogo, ila ndiyo yenye siri yote. Kanuni haimtaki wakili awe na jibu la kesi papo hapo. Inataka mteja ajue amesikika.

Novemba 2014 WhatsApp ikaleta tiki za bluu. Watu walilalamika wee, lakini wachache waliona nani hasa amepoteza kazi siku ile. Ni sekretari. Yule mtu wa katikati aliyejua kusema "yuko kwenye kikao" akatoweka, na nafasi yake ikachukuliwa na alama mbili zisizojua kuomba radhi. Tiki inasema tu, "amekuona." Haisemi yuko mahakamani, haisemi mtoto wake amelazwa, haisemi atapiga saa kumi. Mengine yote mteja anajaza mwenyewe kichwani, na kichwa cha mtu mwenye kesi hakijazi mazuri.

Ila tahadhari. Haraka nayo ina uongo wake. Hakuna anayejibu meseji upesi kama tapeli ambaye hajapokea hela bado. Na wakili anayejibu maswali ya sheria kwa sekunde tano bila kufungua jalada anaweza kukupoteza kiwanja huku ukimsifu kwa marafiki. Kukiri kupokea ni suala la dakika. Kujibu kweli ni suala la kazi, na kazi ina muda wake. Ofisi zinazochanganya mambo haya mawili huishia pabaya: ama zinakaa kimya mpaka jibu likamilike, ama zinabwabwaja kabla ya kusoma.

Sasa rudi kwa mtu wa kiwanja. Chukulia Ijumaa ile kijana wa mafunzo pale ofisini, asiyelipwa hata nauli, ameshika simu ya ofisi akaandika: "Shikamoo mzee. Wakili ameona ujumbe wako. Yuko safarini, Jumapili saa mbili usiku atakupigia."

Kesi ni ile ile. Wakili ni yule yule. Hata sendofu ni ile ile. Lakini mzee anazima simu, analala.

Na jina la yule kijana hataliuliza kamwe.